Mtoto anaumwa saratani na kaletewa bata roboti? Fanya hivi

Kwa wazazi mlioko Marekani, yule bata, mdoli wa roboti wa kumfariji mtoto anayetibiwa, anaitwa My Special Aflac Duck (Aflac ni kampuni ya bima inayomtoa), alitoka 2018, wanapewa bure watoto wenye saratani kuanzia miaka 3, kwahiyo kama hujapewa muulize nesi au sosho weka (afisa ustawi wa jamii) wa wodini, usinunue mtandaoni.

Ukishampata usimkabidhi mtoto siku ya sindano, mpe kabla, akiwa ametulia, amshike shike mwenyewe. Kuna vile vikadi vya duara vyenye sura, ya furaha, hasira, woga na kadhalika, mtoto anachukua kimoja anakigusisha kifuani kwa bata na bata anaigiza hiyo hali. Hapo ndo utamu ulipo jamani, maana mtoto ukimuuliza "unajisikiaje" atakwambia poa tu, ila akichagua kikadi cha woga ushajua. Usimkosoe wala usimchagulie, na ukiona anarudia kilekile kila siku mwambie daktari.

Halafu bata ana mrija wake wa dawa kifuani, acha mtoto amtibu bata kwanza ndo yeye afuatie, awe yeye ndo dokta.

Usafi sasa, hapa msilete mchezo. Kinga ya mtoto iko chini, ile nguo ya manyoya inavuliwa inafuliwa, bata asizungushwe kitanda hadi kitanda. Na akisema hamtaki leo, mweke pembeni, usilazimishe, ukae nae wewe.