Kabla Hujapeleka Mkonga kwa Fundi wa Grili

Kioo cha ubavuni kule nyuma cha mkonga wangu, yaani Land Cruiser hardtop, hakikuvunjwa na jiwe wala mwizi. Kilivunjwa na tawi. Ukikatiza porini upande wa Simanjiro au Longido, bampa la mbele linasukuma tawi, tawi linajikunja kama upinde pembeni mwa gari, dereva anapita salama, halafu linafyatuka na kutua kwenye lile dirisha kubwa la nyuma. Kioo cha mbele kina karatasi ya plastiki katikati, kwa hiyo hata kikipasuka kinabaki mahali pake. Cha ubavuni hakina. Kikipata pigo la haki kinamwagika chote, punje punje kama mahindi. Tulirudi Arusha na turubai dirishani, tukila vumbi njia nzima.

Tangu siku hiyo nimefunga grili za chuma kwenye madirisha ya gari mbili, hardtop yangu na Land Rover Defender ya zamani ya shemeji. Makosa karibu yote niliyoyafanya, niliyafanya kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa.

Jambo la kwanza ni kujua unamzuia nani. Fundi akisikia neno grili, kichwani anaona dirisha la nyumba: nondo zimesimama wima, mauamaua katikati. Kwa gari la porini hiyo ni mtego. Tawi linateleza kutoka mbele kwenda nyuma, likikuta nondo ya wima linanasa, na kitakachong'oka ni grili au bodi. Vyuma vilale, vifuate mwendo wa gari, na ncha zake za mbele zikunjwe ziingie ndani kuelekea bodi. Kikwata, yule mti wa porini, ana miiba iliyopinda kama kucha za paka; ukimwachia ncha moja ya kushika, atashika. Kama adui yako ni kokoto zinazorushwa na malori, nondo za kulala hazitoshi, maana jiwe linapita katikati. Hapo utahitaji wavu wa chuma wenye matundu madogo, ukijua kwamba wavu nao unakusanya vijiti na tope. Na kama hofu yako ni mwizi wa mjini, mimi ningeanza na plastiki ngumu ya kubandika kwenye kioo, niachane na chuma kabisa.

Kioo cha mbele na vya milango ya mbele usiviguse. Unahitaji kuona vioo vya pembeni, unahitaji kumwona mtoto anayekatiza barabara, na trafiki atakuwa na haki ya kukusimamisha.

Uzito watu wanaudharau. Nondo ya milimita 10 ina gramu kama 620 kwa mita. Chukua dirisha la mita 1.2 kwa sentimita 45: fremu ya flatibaa (chuma bapa) ya milimita 25 kwa 3 inakula mita 3.3, yaani karibu kilo 2, na nondo tano za kulala zinaongeza kilo 3.7. Jumla haifiki kilo 6, na gari halitajua kama limeongezewa kitu. Sasa fundi akuambie "weka ya 16, ndiyo imara": nondo hizo tano peke yake zinapanda hadi kilo 9 na nusu, kila dirisha, zikining'inia juu ambako hardtop tayari imebeba keria, jeri za mafuta na tairi. Gari refu namna ile halihitaji kusaidiwa kupinduka.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo nisingekubali kulifanyia mzaha. Gari likilala ubavu, milango ya upande wa chini haifunguki, ya juu ni mizito kama mfuniko wa kisima, na ya nyuma huenda imekunjamana. Njia inayobaki ni madirisha, na wewe umeyafungia vyuma. Nyundo ya kuvunjia kioo itavunja kioo, lakini grili itabaki pale pale inakutazama. Kwa hiyo walau grili moja kila upande iwe na bawaba juu na pini mbili chini, bila kufuli, na pini hizo mkono uzifikie kutoka ndani. Hardtop ina bahati, vioo vyake vya ubavuni kwa nyuma ni vya kusukuma: weka pini mkabala na sehemu inayofunguka. Halafu jaribu. Mimi nilimwambia mwanangu wa miaka kumi na mbili akae benchi la nyuma, afumbe macho, atoke. Mara ya kwanza alishindwa. Pini ilikuwa imebana kwa rangi. Nikaipiga tupa ikalegea, akatoka, akataka kurudia tena na tena mpaka mama yake akamwita.

Grili ya ndani, ile inayozuia mizigo isigonge kioo, ifungwe kwenye gari la mizigo tu. Abiria wa benchi kichwa chake kiko kiganja kimoja kutoka dirishani.

Kuhusu kufunga: usikubali kuchomelewa kwenye bodi. Raba ya kioo ikichoka, au kioo kikivunjika, fundi wa vioo anakipachika kutoka nje kwa kamba iliyozungushwa ndani ya raba, na grili iliyochomelewa itamzuia. Isitoshe, palipochomelewa rangi imeungua kwa ndani na kutu itaanzia pale usipopaona. Hardtop ina ule mfereji wa mvua unaozunguka paa. Juu shika hapo kwa vibano, chini tumia bolti za milimita 8. Kabla ya kutoboa, fungua paneli ya ndani uone nyaya zinapita wapi. Tundu likishatobolewa lipakwe rangi kwanza, kisha silikoni, ndipo bolti iingie.

Defender ya shemeji ilitufundisha lingine. Bodi yake ni alumini, na chuma kikigusana na alumini penye maji, alumini inaliwa, inatoa unga mweupe. Kwa gari linaloshinda Tanga au Bagamoyo kwenye hewa ya chumvi, ni haraka zaidi. Weka wasa za plastiki na kipande cha mpira kila chuma kinapogusa bodi, hata kama bolti ni za chuma kisichoshika kutu.

Siku ya kazi, pima kwenye gari, kata kielelezo cha boksi, kisha kazi yote ya kukata na kuchomelea ifanyike mezani, mbali na gari. Nasema mbali kwa sababu fundi wangu wa kwanza alikuwa anapunguza ncha kwa grenda hatua mbili kutoka kwenye kioo kipya. Jioni niliona vidoa vya kahawia kwenye kioo, nikadhani ni vumbi. Nikafuta, havitoki. Cheche za grenda ni chuma kilichoyeyuka. Zikitua kwenye kioo zinazama humo humo. Kioo kile bado ninacho, kina madoadoa kama yai la kanga. Kama hakuna namna ila kuchomelea kwenye gari, toa waya hasi wa betri kwanza na funika vioo vyote kwa magunia yaliyoloweshwa.

Kati ya grili na kioo acha nafasi ya mkono wenye kitambaa kupita, la sivyo tope la masika litakaa hapo hadi masika mengine. Chini ya kila kishikio weka kipande cha tyubu kuukuu. Paka praima kabla ya rangi. Mwambie wakala wa bima kwamba gari limeongezewa kitu, kabla hajagundua mwenyewe siku ya madai.

Nati ziwe zile zenye nailoni ndani. Safari ya kwanza niliishiwa, nikaweka mbili za kawaida nikasema zitatosha. Kutoka Mto wa Mbu lami ilibaki nyuma, na njia ya Ziwa Natron ilikuwa imejikunja mawimbi mwanzo mwisho. Nilisimama Engaruka, nikachukua spana namba 13, nikazunguka gari. Zenye nailoni zilikuwa kama nilivyoziacha. Zile mbili, moja ilikuwa inazunguka kwa kidole, na ya pili haikuwepo.