Mbolea ya vijidudu kwenye majaruba ya mpunga ya Bahi, Dodoma

Anayenunua mbolea ya vijidudu ananunua viumbe hai, na jua la Dodoma linaweza kuwamaliza kabla pakiti haijafika shambani. Usiifunge nyuma ya bodaboda juani, wala usiihifadhi stoo pamoja na viuatilifu. Dukani angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na uhakikishe imesajiliwa na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea Tanzania.

Soma pia jina la kijidudu. Rhizobium ni ya kunde, karanga na soya. Mpunga hauoti vinundu vya mizizi ambamo Rhizobium hufanyia kazi, kwa hiyo hapo utakuwa umetupa hela. Kwa mpunga tafuta Azospirillum, ambayo hunasa naitrojeni ya hewani, au aina za Bacillus zinazofungua fosforasi iliyong'ang'ania kwenye udongo.

Njia ninayoipendelea ni kuchovya mizizi siku ya kupandikiza. Ng'oa miche asubuhi, suuza tope, uifunge mafungu madogo. Koroga mbolea kwenye beseni pana, kivulini, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha kwanza. Ya kisima hayana shida hiyo. Simamisha mafungu mizizi ikiwa imezama, majani yakibaki nje, kwa takriban nusu saa, kisha pandikiza hapohapo. Ng'oeni miche inayowatosha wapandaji waliopo tu, maana fungu lililosahaulika kwenye tuta hadi mizizi ikakauka limeshapoteza vijidudu wake.

Beseni hilo lisiwe limetumika kuchanganyia dawa ya ukungu, na urea isitiwe humo kabisa.

Urea yenyewe msiiache kwa mkupuo. Vijidudu hawa hupunguza mahitaji tu, na wauzaji wanaosema vinginevyo wanatia chumvi. Tenga jaruba moja, punguza urea kwa robo, ulinganishe machipukizi na mavuno na jaruba la jirani lenye kipimo cha kawaida. Mkimwaga urea nyingi mno, vijidudu nao huacha kunasa naitrojeni.

Wakulima wa mbuga nyeusi wana ahueni kidogo, kwani udongo ule hushika unyevu. Jaruba linaloota ukoko mweupe wa chumvi likikauka halitaponywa na pakiti yoyote. Hapo pima udongo kwanza, mshauriane na afisa ugani kuhusu kuusafisha kwa maji mazuri na kuyatoa. Samadi iliyoiva, ikilimiwa mapema, huwapa vijidudu chakula.