Ukurasa umegandisha kivinjari? Kitoe hivi, usipige "namba ya msaada"

Dalili zake zinafanana: umebofya kiungo, ukurasa umejaa skrini nzima, king'ora kinalia, na kidirisha kinadai kompyuta ina virusi, upige namba fulani haraka. Ukibonyeza "Sawa" kinarudi kilekile. Wengine hubeba mashine hadi kwa fundi ikafomatiwe. Hakuna haja.

Hilo ni shambulio la kunyima huduma. Ukurasa unakipa kivinjari kazi isiyokwisha mpaka kinakosa nafasi ya kukusikiliza wewe. Mfano maarufu ni wa Januari 2016, tovuti ya crashsafari.com. JavaScript yake, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa, ilijirudia mara 100,000, na kila mara iliongeza tarakimu kwenye anwani ya ukurasa kisha kuiingiza kwenye historia kwa amri ya history.pushState. Anwani ikazidi kurefuka, kumbukumbu ikajaa, Safari ikaanguka na iPhone zikajizima na kujiwasha upya. Nywila za watu zilibaki salama. Baadaye Safari iliwekewa kikomo: ukurasa ulioita amri hiyo zaidi ya mara 100 ndani ya sekunde 30 ulikataliwa.

Hatua ya 1. Usipige namba, usipakue chochote. Kuganda peke yake hakumpi tapeli faili zako. Anazipata ukimpigia, akakuelekeza uweke AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta kwa mbali, ukamfungulia mwenyewe.

Hatua ya 2. Ua kichupo (tab) kimoja. Kama skrini imefunikwa yote, shikilia Esc kidogo. Kwenye Chrome au Edge ya Windows bonyeza Shift na Esc pamoja. Itatokea orodha ya vichupo na kiasi cha prosesa ambacho kila kimoja kinakula. Mkosaji huwa juu ya wenzake waziwazi. Mchague, umkatishe. Vichupo vingine kwa kawaida vitabaki hai.

Hatua ya 3. Ikishindikana, ua kivinjari kizima. Windows ni Ctrl, Shift na Esc. Mac ni Command, Option na Esc. Kwenye orodha itakayotokea, chagua kivinjari, ukikatishe. Kwenye Android ingia mipangilio, sehemu ya programu, ukilazimishe kusimama.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukikifungua tena, kivinjari kinataka kurudisha vichupo vya mwanzo, pamoja na kile kibaya, na unarudi palepale. Chrome ya kompyuta ikikuuliza kama irudishe kurasa, kataa. Safari ya Mac ifungue huku umeshikilia Shift. Kwenye simu haulizwi, kwa hiyo washa kwanza hali ya ndege, ndipo ufungue kivinjari: bila mtandao ukurasa mara nyingi hushindwa kupakia, nawe unapata nafasi ya kufunga kichupo. Funga, kisha rudisha data. Kwenye iPhone unaweza pia kufuta historia na data za tovuti kupitia mipangilio ya Safari, ila jua utatolewa kwenye akaunti ulizoingia. Toleo la iOS 10.3 la Machi 2017 lilivibana vidirisha hivi ndani ya kichupo chake, lakini simu za zamani bado ziko mikononi mwa watu.

Hatua ya 5. Kagua ruhusa za arifa. Ukurasa wa aina hii hupenda kuomba ruhusa, na mtu aliyepaniki hubonyeza "Ruhusu". Ifute, la sivyo matangazo ya uongo yataendelea kukufuata.

Hatua ya 6. Sasisha kivinjari. Mradi wa Chromium, ambao ndio msingi wa Chrome na Edge, huhesabu kasoro nyingi za kugandisha kuwa tatizo la uthabiti, si la usalama. Kihandisi nawaelewa, lakini mzee aliyetishwa na king'ora akampigia tapeli hanufaiki na mgawanyo huo. Tena kuna kuanguka kunakotokana na kumbukumbu kuharibiwa, na huko ndiko mvamizi stadi anaweza kupenyeza msimbo wake. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa hiyo sasisha, kisha kifunge kivinjari chote na kukifungua upya, maana toleo jipya halianzi kazi kabla ya hapo.