Jinsi ya kuchukua sampuli za mifugo na samaki karibu na mialo ya dhahabu

Ng'ombe anayekunywa maji chini ya mwalo wa kuchenjulia dhahabu anaweza kuwa na metali za sumu, yaani risasi, zebaki na aseniki, kwa pamoja, na kila moja hukaa mahali pake mwilini. Ukipeleka maabara kitu kisicho sahihi utaambiwa "haikuonekana", mfugaji atafurahi, na ng'ombe wataendelea kufa. Mwongozo huu ni wa maofisa mifugo na watendaji walioko maeneo ya wachimbaji wadogo, kama Geita na kwingineko Kanda ya Ziwa.

Hatua ya 1: Hakikisha unashughulika na metali

Risasi hushika ubongo: ng'ombe hupofuka, husaga meno, hutikisa masikio, husukuma kichwa ukutani, na tumbo huacha kufanya kazi. Ndama huwahi kuugua kuliko wakubwa. Aseniki huja na kuhara maji kwa ghafla na maumivu makali ya tumbo. Wakianguka kando ya bwawa la kuchenjulia dakika chache baada ya kunywa, damu yao ikiwa nyekundu ya kung'aa, fikiria kwanza sayanaidi, kemikali ya kuchenjulia dhahabu. Hiyo si metali na ina utaratibu wake.

Dalili za risasi hufanana na za magonjwa ya maji moyo na kichaa cha mbwa. Ikiwa kichaa hakijaondolewa kwenye orodha ya magonjwa yanayoshukiwa, usipasue fuvu wala usiguse mate kwa mkono mtupu. Mwite daktari wa mifugo.

Hatua ya 2: Damu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyo kwenye damu imo ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo majimaji ya juu (siramu) hayakusaidii kitu. Chukua damu nzima:

1. Tumia chupa yenye dawa ya kuzuia damu isigande: EDTA (kifuniko cha zambarau) au heparini. Kama maabara ina chupa maalumu za kupimia metali, omba hizo.
2. Futa ngozi ya shingo kwa spiriti na pamba, ukibadilisha pamba mpaka itoke safi. Vumbi la karasha (mashine ya kusagia mawe) lililoganda kwenye manyoya lina risasi ya kutosha kukuharibia jibu.
3. Toa mililita 5, kisha pindua chupa taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise.
4. Weka kwenye kasha la barafu lakini chupa isigusane na barafu. Damu nzima haigandishwi.

Damu iliyofanya mabonge itupwe. Risasi hunaswa ndani ya bonge, na fundi wa maabara akivuta sehemu isiyo na bonge atapata namba ya uongo.

Chukua angalau wanyama 5 wanaokunywa chini ya mwalo na 5 wa juu yake, umri ukilingana. Bila kundi la juu huwezi kujua kama risasi imetoka mgodini au kwenye betri kuukuu iliyotupwa zizini, jambo linalotokea kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 3: Mnyama aliyekufa

Kata gramu 50 za ini na gramu 50 za figo, hasa sehemu ya nje ya figo. Ongeza yaliyomo tumboni. Kila kimoja kiwe na mfuko wake, kigandishwe kwa nyuzi -20, na kisiguswe na formalini (dawa ya kuhifadhia viungo). Usipeleke mnofu peke yake kutafuta risasi. Huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini miaka mingi baadaye kuku na ng'ombe wa hapo walipopimwa, risasi ilikuwa nyingi kwenye maini na figo kuliko kwenye nyama.

Hatua ya 4: Samaki

Kwa zebaki kwenye samaki, mambo yanageuka: hapa mnofu ndio unaotakiwa. Zebaki iliyomwagwa pamoja na marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua) hubadilishwa na bakteria wa tope kuwa methili-zebaki, ambayo hushikamana na protini ya nyama na kuongezeka kila samaki mkubwa amlapo mdogo. Vua kambare, kamongo na sangara. Dagaa peke yao hawatoshi. Pima urefu na uzito wa kila mmoja, kwani kambare mdogo aliye safi hathibitishi kwamba dimbwi ni safi. Kata gramu 50 za mgongoni bila ngozi, na suuza kisu kati ya samaki na samaki.

Hatua ya 5: Maji na tope

Simama ukielekea mto unakotoka, usivuruge chini. Jaza chupa ya plastiki iliyooshwa kwa tindikali, kisha ndipo uongeze tindikali ya nitriki, mililita 2 kwa lita. Kwa zebaki tumia chupa ya kioo, maana plastiki huipitisha. Tope lichotwe sentimita 5 za juu kwa kijiko cha plastiki.

Hatua ya 6: Kusoma majibu

Angalia kizio (kama mg/l au mg/kg) kabla ya namba. Damu ya ng'ombe yenye risasi ya 0.35 mg/l (sawa na mikrogramu 35 kwa desilita) huhesabiwa kuwa na sumu. Kwenye figo, zaidi ya 10 mg/kg ya uzito mbichi. Maabara ikiandika uzito mkavu, namba huwa kubwa takriban mara 4. Vikomo vingine ni hivi. Samaki: 0.5 mg/kg ya zebaki. Maziwa: 0.02 mg/kg ya risasi. Maji ya mifugo: risasi 0.1, aseniki 0.2, zebaki 0.01 mg/l.

Akipatikana mmoja juu ya kiwango, pima kundi zima, wakiwemo wanaoonekana wazima. Risasi huweza kukaa miezi mingi kwenye damu ya ng'ombe, kwa hiyo asichinjwe wala kukamuliwa kwa ajili ya watu mpaka apimwe tena. Kipimo hicho cha pili kifanyike baada ya kuhamisha mahali pa kunywesha na kuweka uzio kwenye marudio. Kikifanyika kabla, kitaonyesha pia sumu anayoendelea kunywa.