Mkopo wa gari huku Mbeya: kabla hujasaini, pigia hesabu na breki

Ndugu zangu naandika hii kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananiuliza mwalimu ulipataje gari, na mi nikianza kumjibu naona anataka kusikia habari ya benki tu, fomu gani, riba kiasi gani, wadhamini wangapi, basi. Sasa benki ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ile barabara ya kushuka Iwambi kwenda Mbalizi, au Mlima Nyoka, au Kitonga kama unaenda Dar, kwa sababu ukishachukua mkopo ambao umekubana mpaka shingoni hela ya kwanza kukatwa nyumbani sio ya ada wala ya unga, ni hela ya sevisi ya gari. Unasema pedi za breki zitasubiri mwezi ujao. Alafu mwezi ujao unasema hivyohivyo.

Mi yamenikuta. Mwaka wangu wa kwanza na gari pedi zilikuwa zinapiga kelele wiki ya tatu na rejesho lilikuwa linakatwa tarehe 25, nikaona bora nisubiri mshahara. Jumamosi nashuka Iwambi na watoto wawili nyuma, mbele yangu lori, nakanyaga breki naona pedali inaingia ndani laini kama nakanyaga sponji. Nikashusha gia mpaka ya mwisho chini nikavuta handbreki taratibu huku nikiegemea bega la barabara, gari ikasimama. Nilikaa pale pembeni dakika ishirini siwezi kuongea. Pedi zile bei yake ilikuwa haifiki hata robo ya rejesho langu. Kwa hiyo ninachokuambia hapa ni hesabu ninayotamani mtu angenikalisha chini akanifanyia kabla sijasaini.

Anza na hii. Chukulia gari unayoitaka, tuseme Toyota IST, mpaka inafika mkononi ina namba ni milioni 16, una kianzio milioni 4 na benki wanakupa milioni 12 kwa miezi 36. Riba tuseme asilimia 17 kwa mwaka. Kama riba inahesabiwa kwenye deni linalobaki, yaani inapungua kadri unavyolipa, rejesho ni kama 428,000 kwa mwezi na mwisho wa safari umelipa milioni 15.4 hivi. Lakini kama ni riba ya flati, ile inayohesabiwa kwenye milioni 12 yote miaka yote mitatu hata kama ushalipa nusu, rejesho linakuwa 503,000 na jumla milioni 18 na laki moja na ishirini. Asilimia ni ileile 17, ila tofauti ni zaidi ya milioni 2.7. Hiyo ni tairi nne, bima ya mwaka na sevisi za mwaka mzima na chenji inabaki. Ndo maana swali la kwanza ukifika kwa afisa mikopo usiulize riba asilimia ngapi, uliza riba ni ya flati au inapungua, na umwambie akuprintie jedwali lote la marejesho mwezi kwa mwezi uende nalo nyumbani ukalale nalo. Akikataa kukupa hilo jedwali ondoka. Uliza pia ada ya kuandaa mkopo, bima ya mkopo, na je ukipata hela ukataka kumaliza mapema kuna faini.

Sasa rejesho ni 428,000 ukadhani gari inakugharimu 428,000. Hapana. Ongeza bima kubwa, ile inayolipia na gari yako mwenyewe, maana gari ya mkopo benki hawakubali bima ndogo, na yangu mi nilikatiwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari ukiweka na VAT 18, kwa gari ya milioni 16 inakuja 660,800 kwa mwaka, ukigawa ni kama 55,000 kwa mwezi. Mafuta, mtu anayetoka Uyole kwenda mjini na kurudi siku za kazi na Jumapili kanisani hawezi kukosa lita 40 kwa mwezi, lita ikiwa 3,000 hiyo ni 120,000, na bei za EWURA, wale wanaopanga bei kikomo za mafuta, zinabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na huku kwetu huwa juu kuliko Dar kwa sababu ya usafirishaji kwa hiyo usipige hesabu kwa bei uliyoambiwa na shemeji yako wa Kinondoni. Sevisi na breki weka 50,000 kila mwezi hata mwezi ambao gari haiumwi. Tairi weka 40,000. Jumlisha: 693,000. Laki saba kasoro kidogo. Hiyo ndo bei ya gari kwa mwezi.

Ukishapata hiyo namba, na yako itakuwa tofauti na yangu, fanya mazoezi miezi sita kabla hujagusa fomu yoyote. Kila mshahara ukiingia hamisha hiyo laki saba kasoro kwenye akaunti nyingine, ya saccos au benki ambayo huna kadi yake ya ATM, na uishi na kinachobaki huku unaendelea kupanda daladala. Yaani jifanye mkopo umeshachukua. Ukimaliza miezi sita bila kuchomoa hata mara moja una 4,158,000, na hapo kianzio chako kimepatikana na umejua kabisa kwamba nyumba inaweza kuishi hivyo. Ukichomoa mwezi wa pili kwa sababu ya ada, mwezi wa nne kwa sababu ya msiba, basi hujashindwa kitu, umejua mapema tu, tafuta gari ya bei ya chini au ongeza muda wa kuweka. Na mshirikishe mwenzio wa nyumbani tangu siku ya kwanza, mi mama watoto ndo alikuwa anaandika kwenye daftari na mara mbili alinizuia nisichomoe.

Watumishi wenzangu mnajua ile kanuni ya kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato. Wengi tunaichukua kama ruhusa ya kukopa mpaka pale mwisho. Theluthi moja ni sakafu, ukiigusa hiyo hela ya pedi utaitoa wapi?

Kama kipato chako ni cha shamba hali ni tofauti kidogo. Mtu wa mpunga Mbarali, wa viazi Isyonje, wa kahawa Mbozi, wa parachichi Rungwe au Njombe, hela inakuja kwa msimu lakini rejesho linakuja kila mwezi, na hapo ndo magari yanapochukuliwa na benki mwezi wa pili watu wakiwa wameshaweka kila kitu kwenye mbolea. Ongea na benki au amcos yako, yaani chama chenu cha ushirika wa wakulima, kama wanaweza kukupangia marejesho yafuate mavuno, wengine wanakubali kwa miezi mitatu mitatu au kwa msimu. Wakikataa basi ukiuza mazao tenga marejesho ya miezi yote mpaka mavuno yanayofuata kabla hujanunua hata bati moja.

Jingine ni historia yako ya mikopo. Benki wanaangalia taarifa zako kwenye kampuni za taarifa za mikopo kama Creditinfo, na kule kama kuna mkopo uliuchukua ukauacha unaning'inia utaonekana. Kwa hiyo miezi hiyo sita ya mazoezi safisha madeni yako yote madogomadogo, omba na barua ya kumaliza deni uitunze. Na tafadhali, tafadhali sana, usichukue kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, ili upate kianzio au ulipe rejesho. Nimeona jirani ameuziwa friji, makochi na pikipiki kwa mkopo wa laki tano.

Kuhusu gari yenyewe sitaongea sana. Kama unaagiza Japani ingia kwenye kikokotoo cha TRA uone kodi kabla hujalipa chochote, gari ikishakuwa ya zamani sana inaongezewa ushuru wa uchakavu na watu wanashtuka bandarini. Kama unanunua ya mkononi nenda na fundi wako sio fundi wa muuzaji, na ipandishe mlima, kutoka mjini kwenda njia ya Chunya pale Kawetire panatosha kabisa kuonyesha gari inayochemsha na ile yenye gia inayoteleza. Hakikisha kadi ya gari ina jina la anayekuuzia. Na tairi usiangalie kashata peke yake, yaani yale meno ya tairi, pembeni kuna tarakimu nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na imeshakuwa ngumu kama ubao, na ngumu hiyo kwenye lami yenye mvua haishiki.

Haya, sasa umepata gari. Hapa nataka unisikilize vizuri hasa wewe uliyejifunzia udereva sehemu za tambarare.

Huku kwetu kushuka ni kazi kuliko kupanda. Ukikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu pedi na diski zinapata moto, ule moto unafika kwenye mafuta ya breki, na mafuta yakichemka yanatoa mvuke na pedali inazama, hakuna tena breki. Mafuta ya breki yanavuta unyevu na yakishakuwa na maji yanachemka mapema zaidi, ndo maana yanatakiwa kubadilishwa kila miaka miwili hivi hata kama hayajapungua, na karibu kila mtu ninayemuuliza hajawahi kuyabadilisha tangu anunue gari. Dawa yake ni kushuka kwa gia. Kwa gari ya manyuo, ile unayobadilisha gia mwenyewe, kanuni ya wazee ni kushuka na gia ambayo ungeitumia kupanda mlima huohuo. Otomatiki usiiache kwenye D, kuna 2 na L, nyingine S au B, weka kabla mteremko haujaanza, injini itanguruma na hiyo ni sawa kabisa, ndo inakushikia gari. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo spidi ishuke, achia ipoe, kanyaga tena. Usiiegemeze mguu muda wote. Na wale wanaotia nyutro ili kubana mafuta waache leo, gari za sasa ukiachia mafuta huku ipo kwenye gia injini inakata mafuta yenyewe, kwa hiyo nyutro haikuokolei kitu na umebaki na breki peke yake.

Malori ya Tunduma yanabeba mzigo mzito na nayo yanategemea breki hizohizo. Usikae mbele ya lori kwenye mteremko kama una namna ya kuliachia lipite, na usikae nyuma yake karibu mpaka huoni mbele. Ile tabia ya kuovateki kwa sababu dereva wa lori amekuwashia indiketa ya kushoto, angalia mwenyewe kwanza, yeye anaona barabara lakini hajui gari yako ina nguvu kiasi gani kwenye mlima ikiwa na watu watano na gunia la viazi.

Ukungu ni habari nyingine. Kupanda kutoka Igawilo kwenda Isyonje, au alfajiri pale Mafinga, kuna siku huoni boneti vizuri. Washa taa dimu, sio fulu, fulu inagonga ukungu inakurudia machoni. Hazadi ukiwa unatembea zima, maana ukitaka kukata kona indiketa yako haionekani, hazadi ni ya kusimama. Ukishindwa kabisa toka nje ya lami, usisimame juu ya lami hata dakika moja. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba ndo mbaya zaidi kwa sababu lami ina mafuta na vumbi la miezi yote ya kiangazi, inateleza kuliko Machi.

Kwenye vibao vya 50 nenda 50. Najua tochi za trafiki zinaudhi na faini ni 30,000 ila pale Igawa, Chimala, Igurusi barabara inapita katikati ya maisha ya watu, watoto wanatoka shule, bajaji inageuza bila kuangalia. Mkanda wafunge na wa nyuma pia. Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, usiziendeshe peke yako kwa usiku mmoja ili uwahi kazini Jumatatu, lala Iringa au Morogoro, chumba ni rahisi kuliko chochote kitakachofuata ukisinzia.

Na mwezi ukikubana kweli, maana utakuja, fanya vitu viwili. Nenda benki kabla ya tarehe ya rejesho, ukae na afisa umwambie hali ilivyo, akuongezee muda au akupangie upya, wakati deni bado halijachelewa wanakusikiliza tofauti kabisa na ukienda baada ya kupigiwa simu mara kumi. Cha pili, kama pedi zimeisha na hela hakuna, iegeshe. Mi nimeshaegesha mara mbili, mara ya mwisho wiki mbili nzima, gari ipo uani imefunikwa turubai na mi napanda daladala ya Uyole Kabwe saa kumi na mbili asubuhi, wenzangu kazini wanauliza gari imeuzwa nini, nawaambia haijauzwa inasubiri pedi.