Mjumbe mpya wa kamati ya zahanati: namna ya kusimamia bila kugombana

Mkutano mkuu wa kijiji umekwisha, mikono imehesabiwa, na wewe umetoka pale chini ya mbuyu ukiwa mwakilishi wa watumiaji wa huduma katika kamati ya usimamizi ya zahanati. Hongera, ingawa wapo watakaokupa pole. Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata hali ya zahanati za vijijini hapa Dodoma, kuanzia Bahi na Chamwino hadi Chemba na Mpwapwa, ambako mara nyingi jengo zima lina watumishi wawili au watatu na kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Nitakuonyesha namna ya kusimamia kwa karatasi na hesabu, kwa sababu mjumbe asiyeshika karatasi hubaki na maneno matupu, na maneno matupu kijijini huleta ugomvi kabla hayajaleta dawa.

Nani anamsimamia nani

Sera na miongozo ya tiba hutoka Wizara ya Afya, lakini zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya huendeshwa na halmashauri, ambazo ziko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ofisi zote mbili ziko hapa hapa Dodoma, na hilo huwafanya baadhi ya wajumbe waamini kwamba njia fupi ni kupanda basi hadi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Si njia fupi. Utaulizwa kama umeshapita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na kama hujapita utarudishwa huko huko, nauli yako ikiwa imekwenda. Ngazi yako ya kwanza ni kamati yenyewe, ambayo katibu wake ni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati. Inayofuata ni Mganga Mkuu wa Wilaya pamoja na timu yake ya uendeshaji wa huduma za afya. Kisha Mkurugenzi wa Halmashauri na Bodi ya Afya ya Halmashauri. Na baada ya hapo ndipo mkoa.

Masuala ya ustawi wa jamii yana mlango wake. Tangu Januari 2022 yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na kwa ngazi ya halmashauri mhusika ni Afisa Ustawi wa Jamii. Mzee asiye na uwezo aliyetozwa fedha ambazo hakupaswa kutozwa, mtoto aliyetelekezwa, mgonjwa wa akili anayefungwa kamba nyumbani: haya yapeleke kwake kwa maandishi. Kama katani kwenu kuna makao ya watoto na watu wananong'ona kuhusu malezi ya pale, kumbuka kwamba makao hayo huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kamati ya zahanati haina mamlaka ya kuingia na kukagua; kazi yako ni kuandika ulichokiona na kumkabidhi mwenye mamlaka hayo.

Karatasi nne za kuomba katika kikao cha kwanza

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na vikao vya kamati hufuata robo za mwaka. Katika kikao chako cha kwanza omba, kwa upole na mbele ya wajumbe wote, mpango wa mwaka wa kituo, taarifa ya benki ya robo iliyopita, taarifa ya mapato na matumizi ya robo hiyo hiyo, na leja ya dawa. Mganga mfawidhi asione kwamba unamtega. Mweleze kwamba kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambazo huchangwa na wafadhili, huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo badala ya kubaki halmashauri, hivyo zikipotea, atakayeulizwa kwanza ni yeye, na kamati iliyoona karatasi mapema ndiyo itakayomkinga.

Soma mpango na taarifa ya matumizi kwa pamoja. Kama mpango ulisema robo hii mtanunua tangi la maji, na taarifa inasema fedha zimekwenda kwenye posho na mafuta ya pikipiki, usirukie kusema zimeliwa. Uliza ni nani aliyeidhinisha mabadiliko, katika kikao cha tarehe gani, na muhtasari wake uko wapi. Mara nyingi jibu lipo, na mara nyingine hakuna muhtasari wowote. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kufuata dawa moja

Watu wengi hudhani kukagua dawa ni kuingia stoo na kutazama kama rafu zimejaa. Rafu iliyojaa inaweza kuwa na makopo ya dawa isiyohitajika, au iliyokaribia kuisha muda wake. Njia ninayoipendekeza ni kuchagua dawa moja tu kila robo na kuifuata tangu ilipoingia hadi ilipomfikia mgonjwa.

Chukua dawa mseto ya malaria. Ni rahisi kufuatilia kwa sababu haipaswi kutolewa bila kipimo kuonyesha vimelea, na kwa sababu Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, hivyo idadi huwa ndogo na hesabu haichoshi. Fungua leja. Tuseme tarehe 1 Julai zilikuwepo dozi 40, katika robo zikapokelewa 60, na zikatolewa 75. Zinazopaswa kubaki ni 25. Sasa nenda rafuni na mganga mfawidhi, mhesabu kwa sauti, kila kundi la uzito peke yake, kwani dozi ya mtoto mdogo ina vidonge 6 na ya mtu mzima ina vidonge 24, na anayezichanganya hupata jumla isiyo na maana. Mkikuta 19, kuna dozi 6 ambazo hazina maelezo. Huenda zimeazimwa na zahanati jirani bila kuandikwa, huenda zimeisha muda na kutengwa kwenye boksi jingine, huenda usiku wa dharura mtu alitoa dawa akasahau leja. Uliza hayo yote kwanza.

Baada ya hapo omba jumla ya wagonjwa waliothibitika kuwa na malaria katika miezi mitatu ya robo hiyo, ambayo hutokana na kitabu cha wagonjwa wa nje, yaani Kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Omba jumla tu. Kitabu chenyewe kina majina, umri na magonjwa ya majirani zako, na mjumbe anayekifunua ili kusoma amekwisha kuvunja imani ya wagonjwa hata kama nia yake ilikuwa njema. Kama leja inasema zimetolewa dozi 75 na waliothibitika ni 31, una swali zito mkononi, na hukuhitaji kumwita mtu mwizi ili ulipate.

Lipo jibu moja utakalolisikia sana: dawa hazipo kwa sababu Bohari ya Dawa haina. Linaweza kuwa kweli kabisa, lakini haliishii hapo. Mwaka 2014 mkoa huu wa Dodoma ndio uliotangulia kujaribu mfumo wa mshitiri, ambao baadaye ulisambazwa nchi nzima: kituo huagiza kwanza Bohari ya Dawa, na kile kinachokosekana huagizwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyepatikana kwa zabuni, kwa bei zilizokubaliwa mapema, kupitia halmashauri. Kwa hiyo swali lako la pili liwe hili: “Tulipojibiwa kwamba Bohari haina, oda ya kwenda kwa mshitiri iliandikwa tarehe ngapi?” Kama oda haipo, shida haiko Bohari tena.

Siku ya kupokea mzigo nina la kukueleza kutokana na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mjumbe, gari la dawa lilifika saa kumi na mbili jioni, wingu limetanda, na dereva akisema korongo likijaa hatapita. Nilihesabu maboksi, yakatimia kama ankara ilivyosema, nikasaini. Kesho yake tulipofungua, boksi moja la dawa ya watoto lilikuwa nusu tupu, limejazwa makaratasi. Hatukuweza kusema kama upungufu ulitokea njiani, mahali mzigo ulipolala, au katika stoo yetu usiku ule, kwa sababu saini yangu ilikuwa imekwisha kusema kila kitu kimefika. Kwa hiyo fungua kila boksi kabla ya kusaini, linganisha jina la dawa, kiasi na tarehe ya kuisha muda na kilichoandikwa kwenye ankara, na kama kuna upungufu uandike palepale, dereva naye asaini. Dereva atalalamika. Mpe maji ya kunywa na umwache alalamike.

Malipo, msamaha na sanduku la maoni

Hakikisha bei za huduma zimebandikwa mahali ambapo mgonjwa anazisoma kabla ya kulipa, na kila malipo yana risiti au kumbukumbu namba ya Serikali. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha kwa mujibu wa sera, lakini mzee asiye na kitambulisho husumbuliwa dirishani. Kaa na mtendaji wa kijiji mtengeneze orodha mapema, kabla hawajaugua.

Sanduku la maoni lipo karibu kila zahanati, na karibu kila mara ufunguo wake uko mfukoni mwa yule anayelalamikiwa. Azimieni kwamba litafunguliwa na watu watatu, ndani ya kikao, na idadi ya karatasi iandikwe kwenye muhtasari. Hata hivyo usilitegemee, kwa kuwa wazee wengi huku hawataandika, na baadhi yao huzungumza kwa raha katika Kigogo tu. Waulize kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Ukiuliza “huduma zikoje?” utajibiwa “nzuri tu, mwanangu”; ukiuliza “ulifika saa ngapi, nani alikuhudumia, uliondoka na nini mkononi?” utapata taarifa.

Barua

Jambo lisilomalizika kikaoni lipelekwe kwa barua, na nakala moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa mapokezi. Iwe fupi. Kichwa kiseme kinachotakiwa: “YAH: KUOMBA NAKALA YA TAARIFA YA MAPATO NA MATUMIZI YA ZAHANATI, OKTOBA HADI DESEMBA”. Chini yake: “Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati, katika kikao chake cha tarehe tajwa, iliomba taarifa hiyo na haijaipata hadi leo.” Usiongeze malalamiko mengine ndani yake, kwani barua yenye mambo matano hujibiwa lile jepesi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Hesabu siku hizo tangu tarehe ya muhuri. Nakala mpe diwani, kwa kuwa yeye ndiye atakayelisemea jambo hilo katika Baraza la Madiwani. Ukiwa na ushahidi wa rushwa, usiupeleke kikaoni kwanza: piga TAKUKURU kwa namba 113, ambayo ni bure.

Kila mwaka Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa bungeni. Tafuta ripoti ya serikali za mitaa, angalia kama halmashauri yenu imetajwa kwenye hoja za dawa au fedha za vituo, kisha uliza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana angalau kila baada ya miezi mitatu, hoja hiyo imejibiwaje.

Usiite kikao siku ya kliniki ya watoto wala siku ya mnada. Mganga aliyekesha akizalisha hawezi kukuletea taarifa ya benki saa mbili asubuhi, na ukimlazimisha utapata karatasi iliyopikwa.

Kipindi cha ujumbe ni miaka mitatu. Wiki ya mwisho, ingia stoo pamoja na mjumbe anayekupokea na mganga mfawidhi, mhesabu upya ile dawa uliyokuwa ukiifuata, wote watatu msaini chini ya hesabu hiyo katika daftari lako, kisha mkabidhi daftari lenyewe pamoja na barua zote ambazo bado hazijajibiwa.