Kuitoa frii kwenye Phoenix ya zamani: nilivyofanya Mtwara, hatua kwa hatua

Baiskeli yangu ya Phoenix niliinunua Mikindani, kwa mzee aliyekuwa ameiegesha bandani miaka kadhaa, kuku wakilala juu ya usukani. Aliponiuliza naitakia nini, nikamwambia nataka kuitoa frii. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, wenzio wanahangaika kutafuta frii, wewe unaitupa?"

Frii ni kile kidude cha nyuma kinacholia tik-tik-tik ukiacha kupiga pedeli. Ukikitoa na kufunga sproketi (duara la meno linaloshika mnyororo) moja kwa moja kwenye habu (kitovu cha gurudumu), pedeli na gurudumu la nyuma vinakuwa kitu kimoja: gurudumu likizunguka, miguu inazunguka, upende usipende. Baiskeli zilikuwa hivyo kabla frii hazijaenea mwishoni mwa miaka ya 1890, na za mashindano ya uwanjani ziko hivyo mpaka leo. Kwa kifupi nitaiita fiksi.

Kwa sisi tunaoishi pwani, sababu yangu ya kwanza ni kutu. Ndani ya frii kuna vikucha vidogo vyenye springi. Chumvi na mchanga vikiingia, vikucha vinakwama, na unabaki unakanyaga hewa katikati ya njia. Sproketi ya fiksi haina cha kukwama.

Ila kama baiskeli yako ndiyo mkono wako wa kulia, unashuka nayo kutoka Newala na gunia la korosho kwenye karia, achana na habari hizi. Frii yako ibaki hapo ilipo. Mwongozo huu ni wa mtu anayepanda peke yake.

Hatua ya 1: Fremu

Tafuta fremu ya chuma ambayo masikio ya nyuma, pale ekseli inapokaa, yamelala, ili gurudumu liweze kuvutwa nyuma na mbele. Bila hivyo huwezi kukaza mnyororo, kwa sababu fiksi haina kikazio kingine. Baiskeli zetu za "28" nyeusi, zenye matairi ya inchi 28, karibu zote zina masikio ya aina hiyo. Baiskeli nyingi za mtumba zenye gia nyingi, zile za matairi manene, masikio yake yamesimama wima. Hizo ziruke.

Kisha gonga. Chukua sarafu, ugonge bomba la chini karibu na krenki (mikono inayoshika pedeli), halafu bomba la kiti. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kutu kwa ndani kinatoa sauti ya bati bovu. Jaribu pia kuzungusha bomba la siti. Kama limegandana na fremu, punguza bei au ondoka, maana kulitoa kunaweza kukugharimu siku nzima na matusi mengi.

Mwisho funga uzi wa mshonaji kwenye sikio moja la nyuma, upitishe mbele ya bomba la kichwa, urudi mpaka sikio la pili. Pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Ukitofautiana milimita mbili tatu, chuma kinakunjika kurudi. Zaidi ya hapo, baiskeli hiyo imewahi kugonga kitu.

Hatua ya 2: Habu

Hapa ndipo pesa yako iende. Usinunue usukani mpya wala siti ya ngozi kabla ya kumaliza hatua hii na ile ya breki.

Nianze na kosa langu. Fundi mmoja alinishauri tuichomelee frii ya zamani isizunguke, kazi ya nusu saa. Ilipendeza. Wiki moja baadaye, nikishuka kuelekea ghuba ya Mikindani, nikakaza miguu kupunguza mwendo. Nikasikia kitu kimelegea, mnyororo ukalala, miguu ikawa haina kazi. Na breki ya mbele nilikuwa nimeivua kwa ajili ya urembo! Nilisimamishwa na kichaka.

Kilichotokea ni hiki. Frii imefungwa kwenye habu kwa nyuzi za kawaida, za kukaza kwa kulia. Ukikanyaga mbele unazidi kuikaza. Ukikanyaga kinyume unaifungua, na kuchomelea frii yenyewe hakubadilishi hilo, maana inatoka nzima nzima kama kifuniko cha chupa. Habu halisi ya fiksi ina ngazi mbili za nyuzi: kubwa ya sproketi, ya kulia, na ndogo pembeni yake ya nati ya kufungia, ambayo nyuzi zake ni za kushoto. Sproketi ikitaka kufunguka, inaisukuma nati, na nati inazidi kukaza. Ni akili ndogo tu, lakini ndiyo inayokutenganisha na kichaka.

Kwa hiyo agiza habu ya fiksi. Huku kwetu sijaiona dukani. Yangu ilikuja kwa basi kutoka Kariakoo, na pamoja na sproketi na nati yake ilinigharimu karibu sawa na baiskeli yenyewe. Chukua ile ya pande mbili, fiksi upande mmoja na nyuzi za frii upande wa pili. Faida yake utaiona mwishoni.

Kabla ya kuagiza, hesabu matundu ya spoku. Baiskeli nyingi za mtindo huu zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Habu za fiksi nyingi zina matundu 32 au 36. Mimi nilitafuta ringi ya pili ya mbele, ya 32, nikaifunga nyuma. Uzito wangu inaubeba bila shida. Pima pia nafasi kati ya masikio ya nyuma. Habu ya kawaida ya fiksi inataka milimita 120, na ikipungua milimita chache unaweza kuipanua fremu kwa mikono taratibu. Chuma kinavumilia hilo. Fremu ya aluminiamu usiiguse.

Pesa haitoshi? Ipo njia ya katikati, nami naitaja kwa shingo upande. Sproketi ya fiksi inaingia kwenye nyuzi za habu ya kawaida ya frii, yaani kipenyo cha inchi 1.37, nyuzi 24 kwa kila inchi. Nati bapa ya kufungia kikombe cha krenki ya kipimo cha Kiingereza ina nyuzi hizohizo, hivyo unaifunga juu ya sproketi. Paka gundi ya kufungia nyuzi, kaza sproketi kwa kupanda mlima kwa nguvu zote, ndipo ukaze nati. Ila nati hiyo ni ya kulia, inaweza kufunguka. Ukifuata njia hii, breki mbili ni lazima, mbele na nyuma, na usitegemee miguu kusimama.

Hatua ya 3: Meno mangapi

Phoenix yangu ina meno 44 mbele. Nyuma nimeweka 18. Tairi la 28 kwa 1½ linatembea kama mita 2.2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kila mzunguko wa pedeli unanipeleka mita 5.4 hivi. Nikizungusha mara 70 kwa dakika, naenda karibu kilomita 23 kwa saa, mwendo wa kufika kazini Shangani bila kulowa jasho.

Sasa piga hesabu ya mteremko. Ukifika kilomita 40 kwa saa, miguu inazunguka zaidi ya mara 120 kwa dakika. Hapo makalio yanaruka kwenye siti. Vijana wanapenda sproketi ya 16, inakimbia zaidi kwenye tambarare, lakini upepo wa kusi ukikukuta uso kwa uso njia nzima utaikumbuka 18.

Na wale wa kusimama kwa kukaza miguu na kuburuza tairi la nyuma: angalieni hesabu. Kwa 48 na 16, tairi linaburuzwa sehemu ileile moja kila mara, mpaka lipasuke. Kwa 44 na 16 ni sehemu nne. Kwa 44 na 18 ni tisa. Mimi siburuzi, tairi ni pesa.

Hatua ya 4: Mnyororo

Sproketi ya mbele na ya nyuma lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Pima kutoka katikati ya bomba la kiti mpaka kwenye meno ya mbele, kisha kutoka katikati ya ekseli mpaka kwenye meno ya nyuma. Namba zikitofautiana zaidi ya milimita mbili, sogeza washa za ekseli. Mnyororo uliopinda ukiruka kwenye baiskeli ya kawaida unachafuka mikono tu. Kwenye fiksi unaweza kulikaba gurudumu la nyuma ukiwa kwenye mwendo.

Mvutano: katikati ya mnyororo upande na kushuka kama sentimita moja, si zaidi. Zungusha pedeli taratibu kwanza, utaona kuna mahali unakaza na mahali unalegea. Weka kipimo pale unapokaza zaidi.

Tafadhali sana, usifute mnyororo kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka hewani. Kwenye fiksi halisimami ukiachia pedeli. Kitambaa kikishikwa, kinaingia na kidole. Sogeza pedeli robo mzunguko, acha isimame, futa, sogeza tena. Na kava la mnyororo lirudishe kama unalo. Mwenye kanzu na mwenye kanga wote watakushukuru.

Hatua ya 5: Breki

Breki ya mbele haitoki. Sproketi na miguu yako ni breki ya nyuma, basi, na gurudumu la nyuma peke yake halina nguvu ya kukusimamisha haraka kwa sababu uzito wote unakimbilia mbele.

Hizi breki zetu za vyuma virefu zinafanya kazi vizuri wakati wa kiangazi. Kuanzia Desemba mvua zikishuka, mipira inateleza kwenye ringi ya kromu kama sabuni. Ukiwa na akiba, badilisha ringi ya mbele iwe ya aluminiamu na breki ya waya inayobana ubavuni. Kuna watakaokushauri uhamie ringi za kisasa zenye kipenyo cha milimita 622. Breki italazimika kushuka kama milimita sita na nusu, maana ringi zetu ni za 635, na zaidi ya hapo, ukipata pancha kubwa ukiwa Nanyamba, tairi la 622 utalipata wapi? Tairi la 28 kwa 1½ linauzwa mpaka gengeni.

Hatua ya 6: Krenki

Krenki za zamani zinashikwa na kotapini, pini ya chuma yenye ubavu bapa na nati. Kwenye baiskeli ya frii zinasukumwa upande mmoja tu. Kwenye fiksi zinasukumwa mbele na nyuma, kwa hiyo zinalegea haraka. Nunua mpya, kata ubavu wake kwa tupa mpaka ikae sawasawa, igonge kwa nyundo huku krenki imeegemezwa kwenye kitu kigumu, kisha kaza nati. Endesha kilomita 50, urudie. Ukisikia tak kila mzunguko, shuka hapohapo.

Kuhamia krenki zisizo na kotapini ni uboreshaji mzuri, lakini pima nyuzi za bomba la krenki kwanza. Raleigh nyingi za zamani kutoka Nottingham zina nyuzi 26 kwa inchi badala ya 24. Kipande kipya kinaanza kuingia, unafurahi, kisha kinagoma na kuharibu kila kitu.

Kutu

Vua siti, mimina oili chafu ya gari ndani ya bomba la kiti, laza fremu huku na huku, acha imwagike kupitia chini ya krenki. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya masika. Paka grisi bomba la siti na shina la usukani, la sivyo chumvi itaviunganisha na fremu. Ukitoka kuendesha ufukweni, osha kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Kujifunza

Nenda mahali pa tambarare, asubuhi, kabla ya bodaboda kuamka. Mwiko ni mmoja: usiache kupiga pedeli. Mwili utasahau, na baiskeli itakurusha juu kidogo kukukumbusha. Kwenye kona usilaze sana, pedeli ya ndani itagonga lami kwa sababu huwezi kuisimamisha juu. Ili miguu isitoke kwenye pedeli, kata ukanda mpana wa tyubu kuukuu, uufunge kwenye pedeli, upitishe kiatu. Usikaze mpaka ushindwe kuutoa mguu.

Kushuka ndiko kugumu kuliko kupanda. Ile staili yetu ya kusimama kwa mguu mmoja kwenye pedeli na kuteleza mpaka mlangoni haipo tena. Shemeji yangu alisahau hilo siku aliyoniazima aende sokoni. Alirushwa mbele ya wauza samaki, na nyumbani nikalaumiwa mimi. Siku hizi akija kuazima naligeuza gurudumu upande wa frii, nakaza mnyororo, nakaza nati mbili za ekseli kwa spana ya 15. Dakika kumi, anaondoka akilia tik-tik-tik.